Gari la Mafungu Manane



Wiki tatu zilizopita, baada ya sala ya alasiri, lilitoka uani mwetu gari ambalo kwa miaka 11 halikupata kwenda hata hatua moja kwa nguvu zake. Lilivutwa kwa kamba hadi barabarani, likapakiwa juu ya lori, na watoto wa mtaa wakalisindikiza kwa makofi na vigelegele kana kwamba ni bibi arusi anayepelekwa kwa mumewe. Tangu siku hiyo tumeulizwa msikitini, sokoni, na hata maziarani: lile gari mmelifanyaje? Tumekuwa tukijibu kwa neno moja, tumeliuza. Jawabu hilo ni la kweli ila limeficha mengi; na kwa kuwa wengi wa wanaouliza ndio wanaosoma ukurasa huu kila wiki, tumeona ni haki yao kuyapata yote, pamoja na yale ambayo tungependa yasijulikane.

Gari hilo ni Morris Minor 1000 la milango minne, lililoundwa Uingereza mwaka 1960. Waliokulia mwambao huu miaka ya sitini na sabini hawana haja ya kuelezwa umbo lake: mgongo wa duara, macho mawili ya mviringo juu ya madigadi, na boneti iliyofura kama shavu la mtoto aliyejaza tende kinywani. Inasimuliwa kuwa Lord Nuffield mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa kampuni, alipolitazama mara ya kwanza hakulipenda, akalifananisha na yai lililopikwa majini bila ganda. Yai hilo likauzwa kuliko alivyodhani mtu yeyote. Lilitolewa hadharani London mwaka 1948, likawa gari la kwanza la Kiingereza kupita idadi ya milioni moja, na lilipoachwa kutengenezwa mwaka 1971 yalikuwa yameundwa zaidi ya milioni moja na laki sita.

Marhumu baba yetu alikuwa na hadithi mbili juu ya gari hili, na hakuna aliyepanda asisimuliwe. Ya kwanza ni kwamba aliyelibuni, Alec Issigonis, alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa Smyrna, ambao leo ni Izmir, wakati mji huo ulipokuwa chini ya dola ya Uthmaniya. Issigonis hakuwa Mwislamu, na baba alilijua hilo. Lakini kwake yeye kuzaliwa chini ya Sultani kulitosha kulifanya gari liwe jamaa. Hadithi ya pili ilihusu ukanda bapa unaopita katikati ya boneti. Gari la mfano lilipokamilika, Issigonis aliliona jembamba mno. Akaamuru likatwe katikati kwa urefu, vipande viwili vikasogezwa mbalimbali mpaka jicho lake likaridhika, na nafasi ikatoka inchi nne. Ukanda ule wa boneti ndio alama ya upana ulioongezwa. Baba akifika hapo hutushika vidole, akavipitisha juu ya bati, tukahisi wenyewe palipozidishwa.

Alilinunua mwaka 1975 kwa bwana mmoja aliyekuwa akihamia Ulaya. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 948 na nguvu za farasi 37, nasi watoto watano tulijazwa kiti cha nyuma kama samaki kapuni. Tulikaa Kisauni, na baba alikuwa karani bandarini, kwa hiyo kila siku alivuka lile daraja la zamani la Nyali lililoelea juu ya maboya, kabla ya hili la sasa kufunguliwa mwaka 1980. Sikukuu tulipelekwa Malindi kwa mama mdogo, na Kilifi tulishuka tukapanga foleni ya kivuko, maana daraja la huko halikuwako mpaka mwaka 1991. Gari halikuwa na taa za kupepesa pembeni. Lilikuwa na vijikono viwili, kimoja kila upande, katika nguzo iliyo kati ya milango. Dereva akitaka kukata kona, kijikono huinuka na kuwaka. Ndugu yetu wa mwisho, ambaye habari hii itamrudia, alikuwa akikaa dirishani makusudi ili akione kijikono kikichomoza. Naye ndiye aliyelipa jina yule mnyama wa kwenye nembo. Nembo ya Morris ni ng'ombe dume anayevuka maji, kwa sababu kampuni ilianzia Oxford, na maana ya jina la mji huo ni kivuko cha ng'ombe. Kwa dada yetu alikuwa ni Ng'ombe tu, na hakubali gari liondoke kabla hajamsalimia.

Baba alifariki miaka 11 iliyopita. Alituacha mjane wake, ambaye ni mama yetu, na watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Msomaji aliyekaa darasa la mirathi ameshafika kwenye jawabu kabla yetu: mama ana thumuni, na saba zilizobaki zinagawanywa kwa watoto, mwanamume fungu mara mbili ya mwanamke. Wanaume wawili ni manne, wanawake watatu ni matatu, jumla saba, na la mama ni la nane. Mas'ala nadra hutoka sawasawa namna hii, bila ya sehemu wala kuzidisha. Nasi ambao tumesomesha mirathi kila Jumanne usiku kwa miaka mingi tulifurahi mno, hata tukawa tunalitumia mas'ala la marhumu baba yetu kama mfano ubaoni. Nyumba iligawanywa. Pesa za benki ziligawanywa kabla ya kwisha siku 40. Kanzu zake, saa yake, vitabu vyake, kila kitu kilipata mwenyewe.

Ila gari. Gari tulisema litakaa kwanza.

Hatukusema ni letu. Hilo tunaweza kuliapia. Tulisema tu litakaa, kwa kuwa lilikuwa uani na sisi ndio tuliobaki nyumbani, kwa kuwa ndugu yetu yuko Maskati, na kwa kuwa dada zetu wameolewa na hakuna kati yao anayeendesha. Tulisema pia, na hapa tulijisikia watu wema, kwamba tutalirudisha katika hali yake ya mwaka 1975 kama ukumbusho wa baba. Hakuna aliyepinga. Leo tunatambua kuwa hakuna aliyeulizwa.

Miezi miwili baada ya maziko tulianza. Asiyepata kufanya kazi hii adhani ni kazi ya kutengeneza. Ukweli ni kwamba mwanzo wake ni kubomoa, na kubomoa kuna raha yake. Kila jioni kitu kilitoka: bamba la mbele, taa, kabureta, viti, vioo. Tulivitia katika mikebe ya maziwa ya unga, tukaandika juu yake kwa khati nzuri ya Kiarabu kilichomo ndani. Injini ilishushwa, ikapelekwa kusagwa, na pistoni mpya zikaagizwa Uingereza, maana vipuri vya gari hili vinatengenezwa huko hadi leo. Bei ya pistoni haikututisha. Kilichotutisha ni nauli na ushuru, ambavyo pamoja vilipita bei ya kitu chenyewe. Injini ilirudi, ikafungwa, na jioni moja ya mwezi wa Rajab iliwaka. Mama alitoka barazani na mtandio wake, akasimama akisikiliza, kisha akarudi ndani bila kusema neno.

Baada ya hapo tukafika kwenye bodi, na bodi ndiyo iliyotushinda. Gari hili halina chasisi peke yake chini kama lori. Sakafu, mbavu na boriti zimeungwa na kuwa mwili mmoja, na chuma kikila kutu mahali pamoja huwa kimeiba nguvu za mahali pengine. Hewa ya bahari yetu haina huruma. Tulipong'oa mikeka ya sakafu tuliona ardhi. Tulipeleka gari gereji moja, ambayo hatutaitaja, tukalipa malipo ya mwanzo, na baada ya miezi minane likarudishwa likiwa limepakwa rangi nyeusi chini, safi, laini kama sahani. Tulilala chini yake na tochi. Tuligonga kwa kifundo cha kidole boriti inayopita chini ya viti vya mbele, na sauti iliyorudi haikuwa ya chuma. Ilikuwa ya puti.

Hapo panahitaji maelezo kwa wasiojua. Gurudumu la mbele la Morris Minor halikukalia springi za kawaida. Limeshikwa na fimbo ndefu ya chuma inayojipinda, na mwisho wa nyuma wa fimbo hiyo umefungwa katika boriti hiyohiyo tuliyoigonga. Boriti ikioza, uzito wa gari zima mbele unaning'inia juu ya unga wa kutu. Na mbele zaidi, chini ya gurudumu, kuna kifundo cha hesi ambacho mguu wa gurudumu huzunguka ndani yake usukani ukikatwa. Kisipotiwa grisi mara kwa mara hesi husagika, na siku moja, bila ya kubisha hodi, mguu huchomoka na gurudumu hujikunja chini ya gari. Baba alikuwa akikitia grisi kila mwezi na kutuonya tusimame mbali. Sisi tulikipima cha upande wa kulia mwaka wa pili wa kazi yetu, tukaona kinacheza. Tukakijaza grisi nyingi, na grisi nyingi huzuia kucheza kwa muda.

Basi tulikuwa tunajua mambo mawili, na hatukumwambia mtu, kwa sababu hapakuwa na wa kumwambia. Gari lilikaa. Mwaka ukaingia mwingine. Turubai ikachanika tukanunua nyingine. Kuku wa jirani walitaga ndani ya buti. Kazi zilikuwa nyingi, darasa, ndoa za watu, ugonjwa, na siku zote mwezi ujao ndio tutakaoanza tena. Jumla ya tulizotumia ilikuwa kiasi cha shilingi 310,000, na wakati mwingine tuliitaja hesabu hiyo mbele za watu kwa namna ya kulalamika inayofanana sana na kujisifu.

Katika mwaka ule wa kwanza, injini ilipokuwa imewaka na bodi haijaguswa, alikuja mzee mmoja kutoka Nairobi mwenye kupenda magari ya kale. Alitoa shilingi 240,000. Tulikataa papo hapo, tukiwa tumesimama uani na mkono juu ya boneti, tukamwambia mali ya baba haiuzwi. Alipoondoka tulihisi tumefanya jambo kubwa. Hatukuwapigia simu dada zetu. Mwenye kufahamu fiqhi ya ushirika atatuuliza tulijibu kwa idhini ya nani, na jawabu letu ni kwamba swali hilo halikutujia.

Lilitujia kwa kupitia yule wa mwisho. Mumewe aliachishwa kazi, karo ya watoto ikafika, akaja kwetu asubuhi moja akiwa na haya usoni. Tulimpa shilingi 20,000. Tulimpa kwa moyo mkunjufu, tukamwambia asirudishe, hii ni sadaka ya nduguye, na ya jamaa ina thawabu mbili. Alishukuru. Alipokuwa akitoka alipita pembeni mwa gari, akasimama, akainua ncha ya turubai. Akasema huku anacheka, "Kaka, fungu langu humu ni lipi? Ni mlango au ni gurudumu?"

Hakusubiri jawabu. Tulibaki barazani mpaka jua likapanda. Tulihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi tuliyofunzwa. Kama yule mzee wa Nairobi angekubaliwa, fungu moja lilikuwa shilingi 30,000. Yaani dada yetu alikuwa na haki ya shilingi 30,000 mikononi mwetu kwa muda wa miaka kumi, nasi tumempa 20,000 tukaziita sadaka, tukatarajia na dua.

Usiku ule tulimwendea mama. Tulimwambia tunataka idhini yake gari liuzwe, fungu lake atapata. Alitutazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "mimi nilidhani mmeshagawana."

Idhini za wengine zilipatikana kwa simu. Karatasi zilichukua muda zaidi, kwa kuwa gari lilikuwa bado katika jina la marhumu, lenye nambari zile za zamani zisizo na herufi mwishoni, na ilibidi kupitia Mahakama ya Kadhi kwanza kwa ajili ya mirathi. Tulipokuwa tukingoja, habari ilienea, na mnunuzi akaja.

Ni kijana wa miaka 25 hivi, fundi wa bodi kutoka Likoni, ambaye siku za kazi hunyoosha matatu na siku ya Jumapili hana pa kwenda. Alituamkia, akatuita Maalim, akakataa kukaa kabla yetu. Alilizunguka gari mara moja tu. Alifungua mlango, akafunga, akasikiliza mlio wake, akaupitisha mkono juu ya ule ukanda wa boneti bila ya kuambiwa na mtu. Tukamfungulia mikebe. Tulimwonyesha pistoni za zamani, kioo cha nyuma kilichofungwa katika blanketi, vijikono vyote viwili vikiwa vizima. Tulitaja shilingi 200,000. Alifikiri, akasema atazipata kwa awamu mbili. Tukamuuliza, je, hutaki kulala chini ukatazame?

Akasema, "Kwako wewe, Maalim, nitakagua nini?"

Tukanyamaza.

Wasomaji wetu, tunaiandika sentensi hiyo fupi kwa kuwa ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Kile kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, kutia mkono wake ndani ya rundo la nafaka sokoni na kukuta umaji chini yake, tumekisimulia juu ya mimbari mara zisizohesabika, na tumekisimulia vizuri, watu wakatikisa vichwa. Na hapa alikuwapo kijana ambaye hakutia mkono kwa sababu ya kofia yetu. Kanzu, ndevu na jina la maalim vilikuwa vimefanya kazi ile ile ya puti. Tulimwacha akaondoka. Tulijiambia ni fundi, atagundua mwenyewe. Tulijiambia gari linauzwa kama lilivyo, na kila mtu anajua maana yake. Tulijiambia pia, na hii ilikuwa ndiyo hoja tamu kuliko zote, kwamba kila shilingi itakayopungua itatoka katika mafungu ya wanawake watatu na mama mzee, na tumewadhulumu vya kutosha tayari.

Neno hilo la "kama lilivyo" linatumika sana siku hizi katika biashara ya magari, na linahitaji kupanuliwa kidogo. Katika madhehebu yetu ya Shafii, muuzaji akishurutisha kutodaiwa kwa aibu za bidhaa, sharti hilo humfaa katika mlango mwembamba sana: aibu ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama, hata likiwa na ng'ombe usoni, na sisi tulikuwa tunajua. Tumeyatolea fatwa mambo haya kwa wengine wakiwa wamekaa pale pale barazani.

Asubuhi tulimpigia simu. Tulimwambia aje na jeki, nyundo na taa. Alikuja kabla ya adhuhuri, akiwa na wasiwasi kuwa tumebadili nia. Tulivua kanzu, tukabaki na kikoi na fulana, tukalala chini pamoja naye juu ya mkeka wa zamani. Tukamwekea kidole mahali. Aligonga mara mbili tu. Kipande cha puti chenye upana wa sahani kikaanguka kifuani mwetu, na nyuma yake pakaonekana shimo ambalo angeweza kutia mkono mpaka kwenye kiwiko. Kisha tukamwonyesha kifundo cha gurudumu la kulia, tukafuta grisi, akakitikisa. Hakusema kitu. Alikitikisa tena. Tulimwambia kuwa tumejua kwa miaka tisa, na kuwa jana tulijua, alipotuuliza atakagua nini.

Kijana alitoka chini ya gari, akajipangusa, akakaa juu ya mkebe. Tulidhani atakasirika. Aliuliza kama bado lipo lile jiko la mama la kuchemshia chai. Alipokwisha kunywa alitoa shilingi 150,000. Tukasema 160,000, kwa ajili ya pistoni. Akakubali, akasema boriti atachomelea mwenyewe, chuma anacho, na vifundo vipya ataagiza. Siku hiyo alikagua kila kitu. Alifungua kila mkebe, akahesabu kila parafujo, akasoma khati yetu akirekebisha mahali tulipokosea jina la kipuri. Ilimchukua mpaka magharibi. Tukamshikia taa.

Shilingi 160,000 kwa mafungu manane ni 20,000 kwa fungu. Mama 20,000. Dada zetu, kila mmoja 20,000. Sisi na ndugu yetu wa Maskati, kila mmoja 40,000. Zile 310,000 tulizotumia hatukuzitoa katika hesabu, kwa kuwa mshirika anayetumia bila ya idhini ya wenzake amejitolea, na anayejitolea hadai. Tuliwaita wote Ijumaa, yule wa Maskati akiwa kwenye simu, tukawaeleza bei ya kwanza, bei ya pili, na sababu. Dada yetu mkubwa alisema afadhali, roho imetulia. Wa mwisho aliuliza, "Hizo arubaini zilizopungua, zimepungua kwa kutu ya baba au kwa kutu ya miaka 11?"

Swali hilo hatuwezi kulijibu, ingawa tumelipeleka kwa mafundi wawili na mwanachuoni mmoja. Kutu nyingine ilikuwapo baba akiwa hai. Nyingine imezaliwa chini ya turubai yetu. Hazina rangi tofauti. Kwa hiyo tuliwaambia kuwa tunachukua ile bei ya mzee wa Nairobi kuwa kipimo: shilingi 80,000 zimepotea mikononi mwetu, 10,000 kwa kila fungu, na ukiondoa mafungu yetu mawili tunadaiwa 60,000, ambazo tutazilipa kidogo kidogo. Mama alitikisa mkono kama anayefukuza nzi, akasema amesamehe. Yule wa Maskati alicheka, akasema amesamehe na zile za kijikono kilichomvunja jino mwaka 1979. Dada wakubwa wote wawili wakasamehe. Wa mwisho akasema atafikiri. Tumetia shilingi 10,000 zake ndani ya bahasha, iko katika saraka, na mpaka tunapoandika haya bado anafikiri, na ana haki ya kufikiri muda anaotaka. Kuna msomaji atakayetukumbusha zile 20,000 za karo. Zile tulimpa. Kilichotolewa kwa jina la sadaka hakirudi mlangoni kwa jina la malipo.

Siku lori lilipokuja, kijana aliomba dua isomwe, tukaisoma. Aliniga namna baba alivyokuwa akifunga mlango, kwa kuusukuma na kuunyanyua kidogo, jambo ambalo hakufunzwa na mtu. Labda bawaba za magari yale zote zina tabia moja. Gari lilishuka kuelekea Likoni, ambako ilibidi lipandishwe kivukoni. Tulipenda kufikiri habari hiyo, kwamba limo tena juu ya maji likingoja kama zamani kule Kilifi, lakini hatukwenda kutazama.

Jioni tulimpa dada yetu wa mwisho bahasha ya fungu lake. Alizihesabu noti moja moja mbele yetu, polepole, kisha akarudia. Hatukuona vibaya.

"Na Ng'ombe?" akauliza.

Tukamwambia nembo imekwenda na gari.

"Hukuniuliza, kaka," akasema. Akazifunga pesa katika ncha ya leso yake, akaenda jikoni kumsaidia mama kukuna nazi.